Kiganja Juu ya Nyuzi

Jumamosi moja mpwa wangu alikuja na gitaa mgongoni, akachomeka waya kwenye spika yangu ndogo ya sebuleni. "Shikamoo mjomba. Nisikilize, halafu uniambie nakosea wapi." Akapiga mwanzo wa "Basket Case" wa Green Day, wimbo wa mwaka 1994, uliotoka yeye bado hajazaliwa. Kodi, kama tunavyoziita sisi wa bendi noti zinazopigwa kwa pamoja, zilikuwa sahihi zote. Mkono wa kushoto ulihama kituo hadi kituo bila kupotea. Lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa uji. Kila kodi ilimwagikia inayofuata, usijue ipi imeisha na ipi imeanza.

Nikamwambia aache kutazama mkono wa kushoto, atazame wa kulia. Muziki huu unakaa kwenye ukingo wa kiganja, ule upande wa kidole cha mwisho. Ukingo huo unalazwa juu ya nyuzi karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Ukiulaza mbele mno, nyuzi zinakufa, unabaki na mlio wa kugonga ubao. Ukiurudisha nyuma mno, zinalia ovyo. Kati ya hapo na hapo pana nafasi ndogo sana ambapo sauti inatoka nene na fupi, kama mtu anayesema kwa hasira huku kafunga meno. Ubeti mzima unapigwa hivyo. Kiitikio kikifika, kiganja kinainuliwa, na wimbo unafunguka ghafla kama mtu kasukuma dirisha. Msikilizaji huapa kwamba mtu ameongeza sauti kwenye mashine, na hakuna aliyegusa mashine. Ni ngozi kidogo tu imeondoka juu ya waya.

Alijaribu mchana kutwa. Saa kumi na moja jioni, kwa muda mfupi kabla mkono haujachoka, aliipata.

Mimi nimepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na kwetu mkono wa kulia hucheza. Unashuka, unapanda, unaruka pigo moja ili tumba lipite. Hawa wa pop panki, muziki wa kina Green Day, wana shule nyingine. Mwalimu wao mkuu ni Johnny Ramone wa Ramones, bendi iliyoanzishwa Queens, New York, mwaka 1974. Yeye alishuka tu. Kila pigo lilitoka juu kwenda chini, wimbo baada ya wimbo, bila kupumzika. Sasa "Basket Case" inakwenda mapigo kama 170 kwa dakika, na kila pigo la mguu lina mawili ya mkono, kwa hiyo kifundo cha mkono kinashuka karibu mara sita kwa sekunde. Kupanda nako kungepunguza kazi kwa nusu. Tatizo ni kwamba mkono ukipanda unaanza na nyuzi nyembamba, na uzito unapotea. Ukishuka unaanza na ile nene, na kila pigo linakuwa ndugu wa lile lililotangulia. Msikilizaji hahitaji kulijua hilo. Mwili wake unalijua.

Nimekuwa nikiufikiria mkono huo tangu bendi hizi zilipoanza kujaza tena viwanja. Habari zao huelezwa kwa neno moja tu, kumbukumbu: watu wazima wanalipa ili warudi ujanani kwa saa mbili. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanamwacha nje mtu anayefanya kazi pale jukwaani.

Kwetu neno panki lilifika likiwa mtindo wa kunyoa nywele, na wengi wetu tuliuona unyoaji kabla ya kuusikia muziki. Muziki wenyewe, katika sura hii tamu yenye kiitikio cha kuimbwa na umati, ulikulia California. Mjini Berkeley, katika jengo namba 924 la mtaa wa Gilman, kuna ukumbi uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1986, unaoendeshwa na watu wa kujitolea na usiouza pombe. Hapo ndipo Billie Joe Armstrong na Mike Dirnt wa Green Day walipojifunzia kazi. Walikuwa wamejuana shuleni wakiwa na umri wa miaka kama 10. Baba yake Billie Joe, dereva wa lori aliyepiga drams za jazi, alifariki mwaka 1982, na gitaa la bluu aina ya Fernandes alilopewa na mama yake utotoni ndilo alilokuja kupanda nalo jukwaani mbele ya dunia nzima. Tré Cool, mpiga drams, alijiunga nao mwaka 1990. Tangu hapo watatu hao hawajaachana.

Gilman walikuwa na sharti: bendi iliyosaini na kampuni kubwa ya rekodi haipigi pale. Green Day waliposaini na Reprise na kutoa albamu ya Dookie Februari 1994, mlango ule ukafungwa. Albamu ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, na nyumbani hawakuwa na pa kupigia. Walirudi kupiga Gilman mwaka 2015, katika onyesho la kuchangisha fedha. Kila nikiwaza miaka hiyo 21 naona inaeleza jambo kuhusu watu hawa ambalo takwimu za mauzo hazilielezi. Mtu hujifunza ufundi kwa macho ya wenzake wachache, na macho hayo hayamtoki hata akipiga mbele ya watu elfu 40.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka huo huo wa 1994 The Offspring walitoa Smash kupitia Epitaph, kampuni ndogo. Mwaka 1999 blink-182 wakatoa Enema of the State, mwaka 2001 Sum 41 wa Kanada wakaja na yao, mwaka 2005 Fall Out Boy, mwaka 2006 My Chemical Romance na The Black Parade, mwaka 2007 Paramore na "Misery Business". Kisha mwanga ukafifia. Redio zikahamia kwingine, My Chemical Romance wakavunjika Machi 2013, na Tom DeLonge akaachana na blink-182 mwaka 2015.

Chuo cha wengi wao kilikuwa Warped Tour, msafara wa kiangazi ulioanzishwa na Kevin Lyman mwaka 1995, ukipita mji hadi mji na kupiga kwenye viwanja vya kuegesha magari, lami ikitoa mvuke. Bendi ilipewa kama nusu saa. Ratiba ilipangwa asubuhi ya siku yenyewe, kwa hiyo bendi kubwa ingeweza kupangiwa saa sita mchana na bendi isiyojulikana ikapata jioni nzuri. Kulikuwa na desturi ninayoipenda kuliko zote: bendi moja changa ilipewa nafasi ya kusafiri na msafara kwa malipo ya kuchoma nyama kila usiku, kazi ikiisha, kwa ajili ya kila mtu kambini. Mchana wanapiga, usiku wako kwenye jiko la mkaa. Katika mazingira hayo unajifunza kufunga mdomo kati ya wimbo na wimbo, kuchuni gitaa huku drams zinaendelea, na kufungua kwa wimbo utakaomsimamisha mtu anayepita akitafuta maji. Msafara huo ulizunguka Marekani nzima kwa mara ya mwisho mwaka 2018.

Kurudi kulianza taratibu. Desemba 20, 2019, My Chemical Romance walipanda tena jukwaani Los Angeles. Korona ikasimamisha kila kitu, ikiwemo ziara ya Green Day, Fall Out Boy na Weezer viwanjani, ambayo ilisogezwa kutoka 2020 hadi 2021. Wakati huo huo vijana waliokuwa wamefungiwa ndani waliuokota muziki huu upya. Machine Gun Kelly alirekodi albamu ya mwaka 2020 pamoja na Travis Barker wa blink-182. Mwaka 2021 "Good 4 U" ya Olivia Rodrigo ikasikika kila mahali, na watunzi wa "Misery Business" wakaandikwa miongoni mwa watunzi wake. Oktoba 2022 tamasha la When We Were Young likakusanya bendi zaidi ya 60 Las Vegas. Siku ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya upepo mkali, watu wakiwa wameshasafiri kutoka mbali, na baadhi ya bendi zikatafuta kumbi ndogo za mjini jioni ile ile zikapiga humo. Mwaka 2025 Warped Tour yenyewe ilirudi, safari hii katika miji mitatu. Januari ya mwaka huo Green Day walishapiga Johannesburg na Dubai.

Fedha zina maelezo yao. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 2002 sasa anakaribia 40, ana mshahara. Rekodi hazimlishi mwanamuziki kama zamani, na jukwaa ndilo linalolisha. Hayo yote nayakubali.

Ninachokataa ni dhana kwamba msikilizaji wa zilipendwa ni mtu wa kuridhishwa kirahisi. Anayesema hivyo hajawahi kusimama mbele ya mashabiki wa bendi zetu za dansi, Msondo Ngoma au Sikinde. Mtu anayekuja kusikia wimbo aliozoea kuusikia tangu utoto anaujua kuliko anayeupiga. Solo lile analo kichwani, pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari wa tatu anayo, hata kale kakosa kadogo kalikobaki kwenye rekodi anako na anakapenda. Ukiharakisha kidogo anakutazama. Ukiondoa noti moja anageuka kumwambia mwenzake. Wimbo mpya una uhuru, kwa kuwa hakuna anayejua ulipaswa kuwaje. Wimbo wa miaka 30 umeshaandikwa masikioni mwa watu elfu 40, na kila mmoja amekuja na nakala yake kulinganisha. Sijui mtihani mgumu kuliko huo kwa mpigaji.

Na wa pop panki wana mzigo wa ziada. Zilipendwa zetu nyingi zilitungwa na watu wazima, kwa mwendo ambao mtu mzima anaweza kuubeba hadi alfajiri. Nyimbo hizi zilitungwa na vijana wa miaka 20, kwa mwendo wa miaka 20. Mtunzi aliweka sauti pale juu kabisa ilipofika siku ile, akijua ataimba mara chache na maisha yataendelea. Hakujua kwamba atatakiwa kufika pale pale akiwa na miaka 52, usiku wa nne mfululizo, baada ya kulala kwenye basi.

Njia za kukabiliana na mzigo huo zipo, na kila mwimbaji mkongwe anazijua. Nyuzi zinaweza kulegezwa nusu hatua ili wimbo mzima ushuke bila vidole kubadili mkao. Mstari wa juu kabisa unaweza kuachiwa umati, na umati ukafurahi ukidhani umepewa zawadi. Wapigaji wa nyongeza hupanga sauti nyuma, kama Jason White, ambaye amekuwa akipiga gitaa na Green Day jukwaani tangu mwaka 1999. Blink-182 wana bahati ya waimbaji wawili wasiofanana hata kidogo. Mark Hoppus anaimba chini, kwa utulivu, karibu kama anasema. DeLonge anaimba juu, kwa pua, akiivuta irabu mpaka inageuka nyingine. Mmoja akichoka mwingine anapokea. Kwa miaka kadhaa DeLonge alipokuwa nje, Matt Skiba, mwimbaji mzuri kivyake, alisimama mahali pale, na nyimbo zilikuwa sahihi, lakini sikio lilikuwa linasubiri ile irabu. Ugonjwa wa saratani uliompata Hoppus mwaka 2021 ndio uliowarudisha wote watatu pamoja, na mwaka uliofuata wakatangaza kuungana.

Kuna mzigo mwingine usio wa koo. Hayley Williams wa Paramore aliandika "Misery Business" akiwa binti mdogo, na ndani yake kuna namna ya kumsema msichana mwenzake ambayo alipokua hakuiafiki tena. Mwaka 2018 alisema wanaacha kuupiga. Ulikuwa wimbo wao mkubwa, uliokuwa ukiinua kila onyesho, na aliuweka kabatini miaka minne. Mwaka 2022 aliurudisha, akiuimba kama mtu anayesoma barua aliyoiandika zamani, bila kuikana na bila kujifanya ndiye yule yule. Nauheshimu uamuzi wa kuacha na wa kurudi pia. Kuimba maneno ya ujana wako mbele ya watu kunahitaji ujue umesimama wapi kuhusu kila neno, la sivyo koo litakusaliti.

Lakini nikitaka kumwonyesha mtu ufundi wenyewe, namwonyesha Travis Barker. Gitaa likiwa na kodi tatu au nne tu, mpiga drams ndiye anayebeba tofauti, na Barker hapigi ubeti wa pili kama alivyopiga wa kwanza. Alilelewa na drams za gwaride la shule, zile ambazo kila kijiti kinapaswa kusikika hata uwe wa mwisho kwenye mstari, na hilo liko mikononi mwake mpaka leo. Hata anapokimbia, kila pigo limetenganishwa na jirani yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1998, akiwa mpiga drams wa The Aquabats, aliombwa kuziba pengo blink-182 na akajifunza nyimbo zao zote za onyesho kwa muda usiotimia saa moja kabla ya kupanda jukwaani. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye Enema of the State.

Septemba 2008 ndege ndogo aliyokuwamo ilianguka Columbia, South Carolina, na watu wanne wakafariki. Aliungua sehemu kubwa ya mwili na kukaa hospitali miezi. Alirudi kwenye drams, ila hakupanda ndege tena hadi Agosti 2021. Kwa miaka hiyo karibu 13, safari ya kazi ng'ambo ilimaanisha kuvuka bahari kwa meli. Kisha mwanzoni mwa 2023, bendi ikijiandaa kwa ziara ambayo mashabiki wameingoja miaka, akaumia kidole mazoezini, kidole kikafanyiwa upasuaji, na maonyesho ya Amerika ya Kusini yakaahirishwa. Sehemu nzima ya ziara ilisimama kwa ajili ya kidole kimoja. Watu walilalamika, na naelewa, ila kwangu habari ile ilikuwa na ukweli ambao matangazo ya ziara huuficha. Chini ya mitambo yote, taa zote na malori yote yanayobeba jukwaa, kuna mfupa na misuli ya mtu mmoja, na isipokuwa salama hakuna onyesho.

Mwaka 2024 Green Day walichagua njia ngumu kuliko zote. Dookie ilitimiza miaka 30 na American Idiot miaka 20, wakaamua kuzipiga zote mbili kwa ukamilifu, usiku mmoja, kwa mpangilio wa albamu. Hapo ndipo ninapomwomba msomaji apige hesabu nami. Dookie ni dakika kama 39, American Idiot ni kama 57, na juu ya hizo kuna nyimbo nyingine. Tena albamu haikupangwa kwa ajili ya jukwaa. Mwanamuziki akipanga onyesho, huweka nyimbo kubwa mwishoni. Kwenye Dookie "Basket Case" ni ya saba na "When I Come Around" ni ya kumi, kisha zinabaki nne ambazo msikilizaji wa redio hazijui, na bado unapaswa kumshika. Kwenye American Idiot wimbo wa pili tu, "Jesus of Suburbia", una dakika tisa na sehemu tano, kila sehemu na mwendo wake. Ukishaumaliza, unajua kwamba karibu na mwisho "Homecoming" inakungoja, nayo dakika tisa, nayo sehemu tano.

Sikiliza wanavyovuka kutoka "Chump" kwenda "Longview". Kwenye rekodi hakuna ukimya kati ya nyimbo hizo mbili. Gitaa linazidi kuchafuka, drams zinazidi kukoroga, kisha vurugu yote inatulia na Tré Cool anabaki kwenye ngoma nene kwa mwendo wa kubembea, besi la Mike Dirnt likaingia juu yake likitembea kivivu, kama mtu anayetoka kitandani mchana. Kushuka kutoka mbio kwenda mwendo ule bila kuyumba, moyo wako bado unadunda kwa wimbo uliopita, ni jambo ambalo bendi changa hulikosea mara kumi kabla ya kulipata mara moja. Watatu hawa wamelifanya tangu wakiwa na miaka 21, na wanalivuka kwa kutazamana tu.

Wako wanaojua pia kuweka vyombo chini. Deryck Whibley wa Sum 41 alilazwa mwaka 2014, ini na figo zikiwa zimeshindwa kwa sababu ya pombe, na mwenyewe ameeleza jinsi ilivyombidi ajifunze upya kutembea. Alirudi, akaijenga bendi tena, wakatoa albamu ya mwisho mwaka 2024, wakawaaga mashabiki wa dunia nzima mji kwa mji, na Januari 30, 2025 wakapiga onyesho la mwisho Toronto. Waliondoka mikono ikiwa bado mizima.

Kwa miaka mingi Green Day walikuwa na kipande kimoja katika onyesho lao ambacho mpwa wangu amekitazama kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Ni wimbo wa "Knowledge", ambao wala si wao. Ni wa Operation Ivy, wenzao wa Gilman, waliovunjika mwaka 1989. Katikati ya wimbo Billie Joe anauliza umati nani anajua kupiga gitaa. Mikono inainuka. Anamchagua mmoja, mara nyingi mtoto, anapandishwa jukwaani miguu ikitetemeka. Billie Joe anavua gitaa lake, anamvisha, anapiga magoti kidogo ili wawe kimo kimoja, anamwonyesha kodi ni tatu na zinafuatana vipi. Bendi nzima inapunguza sauti na kusubiri. Mtoto anatazama vidole vyake vya kushoto, kama wanavyofanya wote. Billie Joe anamgusa mkono wa kulia.